Nilivyomwomba Mbwa Radhi Nunguni

Mwambie mkazi yeyote wa Nairobi kwamba unakwenda Makueni, naye atakuuliza kama umebeba maji ya kunywa. Wengi wetu tunaijua Makueni ya dirisha la basi la Mombasa: migunga, vumbi jekundu, na mbuzi waliosimama kwa miguu miwili wakitafuta jani la mwisho. Makueni hiyo ipo. Lakini iko nyingine, nayo iko juu vilimani, huko Kilungu, katika mji mdogo uitwao Nunguni, ambako mwezi wa Agosti watu hufunga vifungo vyote vya koti na ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi.

Leo nataka nikupeleke huko. Lakini sitakuficha: likizo yetu ya Agosti mwaka jana haikuwa ya kutazama vilima. Siku ya pili tu ya kufika kwetu nilimtia mbwa hofu bila kukusudia, na siku nane zilizofuata nilizimaliza nikijaribu kupatana naye. Usicheke. Jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko linavyosikika.

Njia ya kupanda

Ukitoka Nairobi unaishika barabara kuu ya Mombasa. Unaipita Athi River, unaipita Kyumvi ambako waendao Machakos huchepuka, unaipita Malili karibu na ule mji mpya wa Konza, hadi unafika Salama. Hapo malori yanaendelea na safari yao ya pwani, nawe unaiacha barabara kuu kwa mkono wa kushoto na kuanza kupanda. Kona inafuata kona. Masikio yanaziba kidogo, abiria mmoja anafunga dirisha, na mwingine anatoa sweta mkobani. Hapo ujue Kilungu imekukaribisha.

Kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni matuta. Kila kilima kimekatwa ngazi ngazi tangu bondeni hadi karibu na kilele, na kila ngazi imeshikwa na nyasi za nepia ili udongo usitoroke. Namna moja ya matuta hayo ina jina la Kiswahili ambalo limezunguka dunia nzima katika vitabu vya kilimo: fanya juu. Unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, kisha unaiachia mvua na misimu kazi ya kulisawazisha shamba. Watu waliyachimba kwa jembe na sururu, wengi wao katika vikundi vya kusaidiana ambavyo Wakamba huviita mwethya. Hakuna tuta lililokamilika kwa wiki moja. Ukumbuke hilo, tutalirudia.

Nunguni yenyewe ni maduka yaliyopangana mgongoni mwa kilima, na soko ambapo akina mama huketi nyuma ya mafungu ya maparachichi, ndizi na kabeji. Zamani eneo hili lote lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, hadi mwaka 1992 Makueni ilipofanywa wilaya ya peke yake. Tangu mwaka 2013 ni kaunti, na makao yake makuu yako Wote, bondeni kwenye joto.

Kutoka sokoni tuliteremka kwa miguu, mimi, mama watoto, binti yetu na kaka yake wa miaka tisa, hadi kwa nyanya yangu. Kwa Kikamba tunamwita Susu. Susu anaishi peke yake. Wanawe wote wako mijini, na usiku mlinzi wake ni mmoja tu: mbwa wa rangi ya kahawia, kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limelala. Jina lake Simba, kama mbwa wa nusu ya nchi hii. Simba anatujua. Alitupokea njiani, akamzunguka mwanangu mara tatu, na usiku akalala mlangoni pa Susu kama kawaida yake.

Bati

Siku ya pili, Ijumaa, nilipanda kwenye paa la jiko ili nibadilishe bati lililokuwa likivuja. Simba alikuwa amejinyoosha chini, anaota kale kajua kachache ka asubuhi. Nilipong'oa msumari wa mwisho, bati lile kuukuu likaniponyoka. Liliteleza, likaligonga pipa la maji kwa kishindo kilichosikika ng'ambo ya bonde, kisha likatua hatua moja kutoka kichwani mwake.

Hakuguswa hata unywele. Lakini mlio alioutoa sitausahau. Nami, kwa kutaka kumsaidia, nikafanya kosa la pili lililo kubwa kuliko la kwanza: nikaruka kutoka kwenye ngazi huku nikipiga kelele, "Simba! Simba!" Hebu jiweke mahali pake. Umelala, radi ya chuma inapasuka sikioni, na unapofumbua macho unamwona mtu akishuka kutoka juu akilitaja jina lako kwa sauti kuu. Wewe ungemdhania nani kuwa ndiye mwenye radi?

Alikimbia, mkia tumboni, akavuka matuta manne hadi kwenye migomba ya chini kabisa. Usiku ule hakurudi mlangoni. Susu alimwekea chakula ukingoni mwa shamba, na asubuhi tukakuta sufuria tupu. Mwenyewe hakuonekana.

Jumamosi yote nilimfuata. Nilibeba nyama mkononi nikamwita kwa sauti tamu. Nilichuchumaa nikamkazia macho ili aone kwamba nina huruma. Alasiri nilimbana kati ya ghala na ua, nikamnyooshea mkono juu ya kichwa nimpapase. Akanionyesha meno yote aliyonayo. Mwanangu akaanza kulia.

Susu alikuwa akitazama kutoka jikoni. Akaniuliza polepole, "Mjukuu wangu, unamwomba radhi ama unamkamata?"

Sikuwa na jibu.

"Mwache," akasema. "Aliyetishwa ni yeye. Siku ya kusema yamekwisha ataichagua yeye, si wewe."

Kwa nini halikuwa jambo la mchezo

Jumapili kanisani likaja tangazo: Jumamosi ijayo daktari wa mifugo atakuwa sokoni kuchanja mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Kila mwenye mbwa amlete akiwa amefungwa kamba.

Nilimtazama Susu, naye akanitazama. Binamu yangu aliyekuwa akimpeleka Simba kila mwaka alikuwa amehamia Mombasa. Susu magoti yake hayamruhusu kupanda kile kilima akivutana na mbwa. Mtu wa kumpeleka nilikuwa mimi, na mimi ndiye mtu pekee katika Kilungu yote ambaye Simba hakutaka kumwona.

Usidhani chanjo ile ni anasa. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna apona. Wataalamu wanakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa, na watoto wa kati ya miaka 5 na 14 ni miongoni mwa wanaopatwa mara nyingi. Kenya ilitoa mpango wa kitaifa mwaka 2014 wa kuufuta ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo mwaka 2030, na Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanzia kazi. Hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni nyepesi kukumbuka: ukichanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Lakini mbwa hachanjwi kwa tarakimu. Huchanjwa kwa mkono wa mtu anayemwamini, unaomshika shingo wakati sindano inapoingia. Mbwa asiyeshikika hubaki katika wale 30. Na mbwa mwenye hofu akilazimishwa ndiye anayeuma. Basi bati langu lilikuwa limeangukia mahali pabaya kuliko nilivyodhani.

Ung'ongo na nyoka

Wahenga walisema aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Walilijua jambo ambalo wasomi walikuja kulipima baadaye. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa usagaji wa chakula mwilini, aliona kwamba mbwa akizoea kupewa chakula baada ya ishara fulani, ishara yenyewe hatimaye humtoa mate. Mwaka 1920 huko Marekani, John Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner walifanya jambo ambalo leo lingewafikisha mahakamani: walikuwa wakigonga chuma kwa nyundo nyuma ya mtoto mchanga kila alipomgusa panya mweupe. Haikuchukua muda mtoto akaogopa si panya tu, bali sungura, mbwa, na hata koti la manyoya. Hawakumwondolea hofu ile.

Aliyeonyesha njia ya kurudi alikuwa mwanamke, Mary Cover Jones, mwaka 1924. Alikuwa na mvulana wa karibu miaka mitatu, katika maandishi yake akimwita Peter, aliyeogopa sungura. Jones alimketisha mtoto ale chakula akipendacho, na sungura akawekwa ndani ya tundu mbali naye. Siku kwa siku tundu likasogezwa, kidogo kidogo, pasipo kumharibia mtoto utamu wa chakula. Mwishowe Peter alimpapasa sungura kwa mkono wake mwenyewe. Siri ilikuwa mbili: umbali na subira. Ukimsogeza sungura upesi, badala ya chakula kumpendezesha sungura, sungura atamchukiza mtoto na chakula.

Nikajiona mjinga. Mimi nilikuwa nimemleta sungura hadi puani siku ya kwanza.

Hatua kumi

Jumatatu nilichukua kigoda nikaketi pembeni mwa ua, ubavu nikiwa nimemgeuzia Simba aliyekuwa ukingo wa migomba. Nilikuwa na gazeti la juzi na bakuli la ugali uliochanganywa na mchuzi wa matumbo. Kila baada ya muda nilirusha tonge, mbali, bila kumtazama wala kumwita. Hakusogea. Nilipoondoka, akaja akala. Susu akasema hiyo ni salamu.

Jumanne alikula ningali nimeketi, kama hatua kumi kutoka nilipo. Siku hiyo pia niliweka kamba yake chini, kando ya chakula, ilale tu hapo aizoee.

Jumatano tulifika hatua tano. Mwanangu, niliyempa kazi ya kuhesabu kimya kimya, akaninong'oneza, "Baba, anapiga miayo. Ana usingizi." La, hakuwa na usingizi. Mbwa aliyetulia kweli mwili wake hulegea. Mbwa mwenye wasiwasi hupiga miayo bila usingizi, hulamba pua bila chakula, hugeuza uso kando, na weupe wa jicho huonekana. Hiyo ni lugha yake ya kusema, tafadhali, hapo panatosha. Tunapoipuuza ndipo anapolazimika kutumia meno, halafu tunasema ameuma bila sababu. Nilisogeza kigoda nyuma hatua mbili.

Alhamisi nikaharibu. Upepo ulipepesa lile bati kuukuu nililoliegemeza ukutani, likalia kidogo tu, na Simba akatoweka hadi jioni. Nilikata tamaa, nikamwambia mama watoto kwamba Jumamosi haitawezekana. Nikakumbuka kwamba hata Peter wa Marekani, alipokuwa amekaribia kupona, alikutana na mbwa mkubwa aliyemtisha, na Jones akalazimika kuanza tena karibu na mwanzo. Hofu iliyolala haijafa. Lakini mara ya pili njia huwa imekwisha kukanyagwa.

Jioni ile tulilibeba bati hadi mwisho wa shamba, tukalilaza chini. Mwanangu akaligonga kwa kidole kimoja, tik, nami nikarusha kipande cha nyama. Tik, nyama. Tik, nyama. Simba alisimama mbali, sikio lake moja juu. Kufikia magharibi, kila aliposikia tik alinitazama mimi badala ya kutazama njia ya kukimbilia.

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata migomba haikuonekana. Niliketi kwenye kigoda kama kawaida. Nikahisi pumzi ya moto kwenye kiatu. Sikugeuka. Nilishusha mkono wazi hadi chini ya goti, nyama kiganjani, naye akaichukua kwa midomo, taratibu, kama mtu anayechukua sakramenti. Baada ya muda nikamkuna kifuani, si kichwani, maana mkono unaopita juu ya kichwa cha mbwa ni kama lile bati linaloshuka. Nilihesabu hadi tatu nikauondoa. Akaja karibu kuudai tena.

Kwa dirisha la jiko nilimwona Susu akijifuta macho kwa leso. Alisema ni moshi.

Sokoni

Jumamosi tulipanda kilima, Simba katikati yetu, kamba ikiwa imelegea. Chini ya mti kandokando ya soko palikuwa na foleni ambayo sijapata kuiona: mbwa wa katani, mbwa wa minyororo, mbwa waliofungwa kwa tai kuukuu, na msichana mdogo aliyebeba mtoto wa mbwa ndani ya kiondo, kichwa tu nje. Mbwa walibweka hata ukashindwa kusikia unachoambiwa.

Simba alitetemeka. Nilichuchumaa ubavuni mwake, nikamweka katikati ya magoti yangu, nikamkuna kifuani. Zamu yetu ilipofika daktari akauliza, "Mwenyewe ni nani?" Nikasita. Mwanangu akajibu, "Ni wa Susu, lakini anamjua Baba." Sindano ilichukua muda mfupi kuliko swali. Tukapewa kadi, tukakumbushwa kuja tena mwaka ujao.

Usiku ule Simba alilala mlangoni pa Susu. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, tulisikia akibweka, na Susu akalala hadi kulipopambazuka.

Lakini nisikudanganye kwamba yote yalikwisha. Hadi siku tulipoondoka, Simba hakupita tena kando ya jiko, mahali bati lilipoanguka. Alizunguka nyumba nzima kwa upande wa pili. Susu ananiambia kwa simu kwamba bado anazunguka. Hiyo ni haki yake, na hakuna anayemlazimisha.

Basi msomaji, ikiwa nawe umemkanyaga mbwa wako gizani, au umemgusa kwa gari ukirudi nyuma, mtazame kwanza kama ameumia. Kisha usimfuate na msamaha wako. Mpe nafasi, mpe chakula, mpe ubavu badala ya uso, na umwachie yeye hatua ya mwisho. Watoto wakae mbali hadi mwili wake ulegee. Na akimuuma mtu, hata kidogo, au ukiumwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Na ukipata likizo, ipande ile barabara ya Salama. Nunua maparachichi sokoni Nunguni, tazama matuta yale yaliyochimbwa jembe kwa jembe, kisha uteremke kidogo upande wa migomba. Ukimwona mbwa wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, usimwite. Tafuta jiwe uketi. Akitaka, atakuja.